Mwongozo Kamili: Jinsi ya Kupima Tetesi za Simu Ijayo na Kuepuka Mgongo wa Kioo Utakaokufilisi

Kila mwaka ikikaribia Machi, ujumbe huanza kuingia. "Nimeona picha za simu itakayotoka Septemba, nimeshauza yangu. Ningoje au ninunue?" Ikifika Oktoba unaingia wa aina ya pili: "Nimeinunua, imeponyoka mkononi, kioo cha nyuma kimepasuka, na fundi ananitajia bei ya kununulia simu nyingine."

Nimejibu mmoja mmoja hadi nimechoka. Wa Machi na wa Oktoba wamekosea mahali pamoja: walitazama umbo la simu wakadhani wametazama uimara wake. Tetesi hueleza simu itafananaje. Namna itakavyoanguka haijulikani na anayezisambaza, na mara nyingi hata kiwandani bado hawajaamua.

Hatua zifuatazo ni nane. Nne za kwanza utazifanya ukiwa umekaa nyumbani. Ya tano na ya sita ni za kwa fundi na dukani. Mbili za mwisho ni za mtu ambaye tayari ana simu mkononi.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Daftari, au ukurasa mmoja wa kuandikia kwenye simu uliyonayo sasa.
- Jina kamili la toleo na namba ya modeli. "Samsung A50 na kitu" haitoshi. Galaxy A54, kwa mfano, namba yake huanza na SM-A546.
- Bei ya kioo cha mgongo kutoka kwa mafundi wawili wasiofahamiana.
- Tochi ndogo. Usitegemee ya simu unayoikagua, maana hiyo nayo utaipima.
- Kitambaa laini kama cha kufutia miwani.
- Chaja isiyo na waya. Kama huna, azima kwa siku moja.
- Selotepu pana ya uwazi.
- Kava. Linunue kabla ya simu. Nitaeleza kwa nini.

## Hatua ya 1: Iandike tetesi kwa sentensi moja, pamoja na tarehe

Andika simu gani, sehemu gani, itatengenezwa kwa malighafi gani, nani kasema, na lini.

Tetesi haikai kama ilivyozaliwa. Kila ikihama mdomo inanenepa, na neno "huenda" ndilo hudondoka kwanza. Hata msemaji mwenyewe hubadilika. Oktoba 2022 mchambuzi Ming-Chi Kuo alisema iPhone 15 Pro itakuwa na vitufe visivyobonyea, vinavyotetemeka tu ukivigusa. Aprili 2023 huyo huyo akasema mpango umeachwa kwa matatizo ya kiufundi. Simu ikatoka na vitufe vya kawaida. Aliyesoma ya Oktoba akaishia hapo alingoja kitu ambacho kilikuwa kimeshafutwa miezi mitano kabla ya uzinduzi.

Onyo: tarehe ya video si tarehe ya tetesi. Wapo wanaochukua habari ya mwaka jana, wakabadilisha picha ya jalada na kuipandisha upya.

Hatua hii imekamilika pale sentensi yako inapokuwa na mambo yote matano. Ukishindwa kuiandika, huna tetesi. Una picha nzuri tu.

## Hatua ya 2: Ipe tetesi daraja

Pembeni ya sentensi yako andika imetokana na nini. Naanza na daraja la chini kabisa.

Hataza, yaani patent. Mwaka 2021 Apple ilipewa hataza ya kifaa chenye kioo pande zote sita, mfano wa kijisanduku cha kioo. Habari zikaenea kana kwamba simu iko njiani. Hataza hulinda wazo ili mwingine asilichukue. Kampuni kubwa huwa na maelfu ya hataza ambazo hazitaonekana dukani maisha yote.

Simu za maonyesho. Januari 2019 Vivo ilionyesha Apex yenye mwili wa kioo kimoja kisicho na tundu la chaji. Haikuuzwa. Mwezi huo huo Meizu ikaja na Zero, ya kauri, isiyo na vitufe wala matundu, ikaitafutia wachangiaji mtandaoni. Ililenga dola 100,000 na haikufika hata nusu. Mkuu wa kampuni akasema baadaye kwamba ilikuwa ni timu ya masoko ikijichezea.

Picha za kompyuta zinazochorwa kwa vipimo vilivyovuja. Hizi zina uzito. Anayejulikana zaidi kwa kazi hii ni OnLeaks, na mara nyingi umbo analipata sawa. Lakini mchoro hauonyeshi malighafi. Rangi inayong'aa kwenye picha inaweza kuwa kioo, na inaweza kuwa plastiki iliyong'arishwa.

Makava yaliyotangulia simu. Watu huyaamini mno haya, wakisema mtengeneza kava hawezi kupoteza fedha zake bure. Anaweza. Mwaka 2011 ilivuma kwamba iPhone 5 itakuwa nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine, kama tone la maji. Watengenezaji wakachonga kalibu na kumwaga plastiki. Oktoba Apple ikatoa iPhone 4S, yenye umbo la iPhone 4 ya mwaka uliotangulia.

Ripoti ya mwandishi anayetaja jina lake, ambaye unaweza kufungua kazi zake za nyuma ukaona alipatia mara ngapi. Hapa ndipo juu kabisa, na bado ni tetesi.

Onyo: kurasa ishirini zilizoandika jambo moja zinaweza kuwa zimenakili chanzo kimoja. Fuata viungo hadi mwisho. Mara nyingi utaishia kwa mtu mmoja aliyeandika mistari miwili bila picha, na zilizobaki zote ni redio mbao.

## Hatua ya 3: Tenganisha umbo na malighafi

Hapa ndipo wasomaji wangu wengi huanguka, na mimi niliwahi kuanguka nao, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwishoni mwa 2013 ilijulikana rasmi kwamba Apple imeingia mkataba na kampuni ya GT Advanced Technologies kutengeneza yakuti samawi (sapphire), kito kinachoweza kutumika badala ya kioo, katika kiwanda cha Mesa, Arizona, kwa malipo ya awali ya dola milioni 578. Yakuti ni ngumu kupita karibu kila kitu utakachobeba mfukoni. Kisu hakiachi alama. Julai 2014 ikatoka video ya kioo kilichodaiwa kuwa cha iPhone 6 kikikwaruzwa kwa kisu na kukunjwa bila kuvunjika. Mkataba ulikuwa wa kweli, kiwanda cha kweli, fedha za kweli. Ni nani angebisha? Mimi niliuza simu yangu nikakaa na simu ya kitochi miezi minne.

Septemba iPhone 6 ilizinduliwa ikiwa na kioo cha kawaida kilichoimarishwa kwa kemikali. Mwezi uliofuata GT ikaomba ulinzi wa mufilisi. Umbo tulilokuwa tumeambiwa, la simu kubwa zaidi yenye kingo za mviringo, lilikuwa sahihi kabisa. Malighafi ndiyo haikuwa sahihi.

Hata malighafi inapokuwa sahihi, uimara hubaki gizani. Novemba 2024 iliripotiwa kwamba iPhone 17 Pro itakuwa na mgongo wa nusu alumini, nusu kioo. Septemba 2025 ikatoka hivyo hasa: mwili wa alumini wenye dirisha la kioo nyuma. Tetesi ilipata pointi zote. Lakini siku chache baada ya mauzo kuanza, watu walikuwa wanaonyeshana mikwaruzo kwenye ukingo mkali wa eneo la kamera. Katika miezi kumi ya tetesi sikusoma hata sentensi moja juu ya ukingo huo.

Sasa chukua tetesi kubwa inayozunguka: mwaka 2025 Mark Gurman, mwandishi wa shirika la habari la Bloomberg, aliripoti kwamba kwa mwaka 2027, iPhone itakapotimiza miaka 20, Apple inakusudia simu iliyopinda, ya kioo kwa sehemu kubwa. Chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika umbo: imepinda, kioo pande nyingi. Kulia andika malighafi: kioo gani, unene gani, kinashikiliwaje, kinabadilishwaje. Upande wa kulia hauna kitu.

Ukurasa wako ukionekana hivyo, umeifanya hatua hii vizuri. Kanuni yangu: upande wa kulia ukiwa mtupu, usiuze simu uliyonayo.

## Hatua ya 4: Soma jina la kioo, upande kwa upande

Chukua sasa simu ambayo tayari ipo sokoni, ile unayotaka kuilinganisha na ya tetesi. Fungua ukurasa wa sifa zake kwa mtengenezaji mwenyewe. Andika jina la kioo cha mbele. Kisha, kivyake, andika la nyuma.

Sababu ni kwamba tangazo hutaja mbele na kukuacha uamini kwamba nyuma ni hivyo hivyo. Ceramic Shield, kioo kigumu cha Apple kilichokuja na iPhone 12 mwaka 2020, kilikuwa cha mbele tu. Mgongo ulibaki kioo cha aina nyingine. Pixel 6 ya Google ilikuwa na kioo cha Gorilla Glass Victus mbele na Gorilla Glass 6 nyuma. Galaxy S21 ya kawaida, simu ya bei ya juu, ilikuwa na mgongo wa plastiki, na watu waliinunua wakidhani ni kioo. Kinyume chake, Galaxy A53 ilikuwa na mgongo wa plastiki, Galaxy A54 iliyofuata ikapewa kioo. Mtu aliyehama kutoka A53 kwenda A54 alipata simu inayong'aa zaidi na inayopasuka kwa urahisi zaidi, na tangazo likaliita jambo hilo maendeleo.

Ni vizuri ujue kioo hiki kinaimarishwaje, kwa sababu ndipo utaelewa kinachokiua. Kioo hutumbukizwa kwenye chumvi ya potasiamu iliyoyeyushwa kwa joto la takriban nyuzi 400. Ioni ndogo za sodiamu hutoka juu ya kioo, na za potasiamu, ambazo ni kubwa zaidi, hujipenyeza mahali pake. Ni kama kupandisha abiria wanene kwenye viti vya watoto: wote wanabanana. Mbano huo ndio nguvu ya kioo, kwa kuwa ufa hauwezi kufunguka mahali palipobanwa.

Lakini tabaka lililobanwa ni jembamba mno, unene wake ukikaribia wa unywele. Mkwaruzo ukilipenya, umeshapanda mbegu ya ufa. Siku simu itakapoanguka, hata kidogo, itapasukia pale pale.

Na nini kinakwaruza? Watu hulaumu funguo na sarafu. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, kioo cha simu huanza kukwaruzika kwenye namba 6, na chuma cha ufunguo kwa kawaida hakifiki hapo. Mchanga wenye chenga za kwatzi (quartz) upo kwenye 7, yaani ni mgumu zaidi. Kwa hiyo funguo zako si tatizo sana. Tatizo ni ule mchanga uliorudi nao kutoka Coco Beach au Nyali, ukajificha kwenye mshono wa mfuko. Ndiyo maana simu "iliyoanguka kidogo tu" hupasuka. Ilikuwa imeshakufa wiki tatu zilizopita, mfukoni.

Onyo kuhusu namba za maabara. Corning, wanaotengeneza Gorilla Glass, walisema Gorilla Glass 6 ya mwaka 2018 ilihimili wastani wa mara 15 kuangushwa kutoka mita 1 kwenye sehemu ya kukwaruza. Victus 2 ya mwaka 2022 ikatangazwa kwa mita 1 juu ya kitu kinachofanana na zege na mita 2 juu ya kinachofanana na lami. Namba hizo ni za kioo kipya, kisicho na mkwaruzo. Zitumie kulinganisha kioo na kioo. Usizichukue kama ahadi kwa simu yako.

Ukimaliza hatua hii utakuwa na mistari miwili: mbele kioo gani, nyuma kioo gani. Ukikuta mtengenezaji hataji cha nyuma, andika "cha kawaida" na endelea na dhana hiyo.

## Hatua ya 5: Uliza bei ya mgongo kabla ya bei ya simu

Nenda kwa fundi, iwe Kariakoo, Luthuli au mtaani kwako, ukiwa na namba ya modeli. Uliza maswali mawili: mgongo wa hii ni shilingi ngapi, na unautoaje?

Swali la pili ndilo lenye uzito. Simu nyingi za Android mgongo wake umebandikwa kwa gundi pembezoni. Fundi huupasha moto, anaingiza kadi nyembamba, unatoka. Kuanzia iPhone 8 hadi 13 hali ni nyingine. Simu hizo hufunguka kwa mbele, na kioo cha nyuma kimegandishwa eneo zima kwenye fremu, huku pete za kamera zikiwa zimeshikamana nayo. Fundi hutumia mashine ya leza kuunguza gundi, kisha anakwangua kioo kipande kwa kipande. Kazi hiyo ina nafasi nyingi za kuharibu kitu kingine.

Mwaka 2022 iPhone 14 na 14 Plus zilibadilishwa muundo wa ndani ili mgongo utoke peke yake, lakini 14 Pro ikabaki na muundo wa zamani. Kwa nje huwezi kujua. Matokeo yake yalionekana kwenye bei za Apple za Marekani kwa asiye na bima: mgongo wa iPhone 14 dola 169, wa 14 Pro dola 499. Mwaka uliofuata, 15 Pro ilipopewa muundo mpya, nayo ikawa dola 169. Simu mbili za familia moja, zilizozinduliwa siku moja, na bei ya ajali ikazidiana karibu mara tatu kwa sababu ya jambo ambalo halionekani kwenye picha yoyote iliyovuja.

Mimi hujiwekea mpaka: mgongo ukizidi moja ya tano ya bei ya simu, nahesabu bei hiyo kama sehemu ya bei ya kununulia. Kama jumla hiyo inanishinda, simu imenishinda.

Onyo: fundi akijibu "huo tutaupata" bila kutaja bei, maana yake hana. Simu iliyotoka mwezi uliopita mara nyingi haina vipuri mtaani.

## Hatua ya 6: Ikague mkononi, hasa kama ni ya mtumba

Simu nyingi za mtumba zinazouzwa Dar es Salaam na Nairobi zimepitia Dubai, na huko au njiani huenda mgongo umeshabadilishwa. Mgongo uliobadilishwa si dhambi. Kuuziwa kwa bei ya mgongo wa asili ndiko kubaya.

Futa simu kwa kitambaa. Washa tochi na uilaze karibu usawa wa kioo, mwanga upite mshazari. Nyufa ndogo ambazo macho hayazioni kwa mwanga wa juu zitang'aa kama uzi. Tazama zaidi kona nne na kuzunguka kamera.

Pitisha ukucha kwenye mshono wa kioo na fremu, simu nzima. Unatakiwa usikie mshono wa kina kimoja. Ukikwama mahali, ukasikia ngazi au ute wa gundi, mgongo huo si wa kwanza.

Weka simu kifudifudi juu ya meza iliyo sawa na uitazame kwa pembeni. Mgongo uliovimba au uliofunguka upande mmoja ni dalili ya betri iliyovimba. Hapo rudisha simu na uondoke. Usibonyeze kuona kama itarudi.

Kisha pima vile vitu ambavyo leza na kisu huviharibu:

1. Piga picha ya taa kwenye sehemu yenye giza. Ukiona ukungu unazunguka taa, vumbi limeingia au lenzi imeguswa na leza.
2. Washa tochi ya simu. Waya wake upo jirani kabisa na kioo cha nyuma.
3. Rekodi video fupi ukiongea upande wa kamera, uisikilize. Kipaza sauti cha nyuma (maikrofoni) hukatika waya kimya kimya.
4. Weka simu kwenye chaja isiyo na waya dakika tano. Koili ya kuchajia imelala chini ya mgongo, na huchanika kioo kikikwanguliwa. Muuzaji atakuambia "hiyo hata hutaitumia". Huenda ni kweli. Lakini imekueleza simu ilivyofanyiwa kazi.

Kwa iPhone 12 na kuendelea, ukurasa wa Kuhusu (About) ndani ya mipangilio huonyesha kama betri, kioo cha mbele au kamera vimewahi kubadilishwa. Usome muuzaji akiwa mbele yako.

Niliwahi kuuziwa simu na duka moja, mgongo unang'aa kama sahani mpya. Nyumbani usiku nikapiga picha ya taa ya barabarani, ikatoka kama mwezi wenye utando. Niliporudi niliambiwa ni hali ya hewa. Tangu siku hiyo natembea na tochi.

Ukitoka dukani na simu iliyopita vipimo vyote, usiitoe mfukoni bila kava, hata kwa kuwaonyesha wenzako kwenye daladala.

## Hatua ya 7: Ivalishe sawasawa

Ndiyo maana nilisema kava linunuliwe kwanza. Wiki ya kwanza, wakati watu "wanasubiri kava zuri lifike", ndiyo wiki ambayo kidole hakijazoea uzito na utelezi wa simu mpya.

Simu ya gramu 200 ikidondoka kutoka mita 1, yaani karibu usawa wa kiuno, inagonga sakafu kwa kasi ya karibu kilomita 16 kwa saa. Ikitua bapa, pigo linasambaa. Ikitua kwa kona, pigo lote linaingia kwenye nukta moja. Kwa hiyo chagua kava kwa kutazama kona zake. Uwazi na ua vije baadaye. Kona ziwe laini na nene kuliko pande.

Kipimo cha nyumbani: ivalishe simu kava, ilaze kifudifudi mezani, upitishe karatasi chini ya kioo. Ipite bila kukwama. Igeuze chali, ufanye hivyo hivyo chini ya kamera.

Kila wiki vua kava, futa mgongo na ndani ya kava. Kava lisilovuliwa hugeuka msasa: mchanga umenaswa ndani na kila hatua unayotembea unasugua.

Usisugue mikwaruzo kwa dawa ya meno, hata kama umeona ikifanyika. Unachokipunguza ni lile tabaka lililobanwa la Hatua ya 4.

## Hatua ya 8: Mgongo ukishapasuka

Zima simu. Usipitishe kidole kuhisi ufa. Chenga za kioo hicho ni nyembamba na huingia ndani ya ngozi. Igeuze, zipukute juu ya gazeti, kisha bandika selotepu eneo lote lililopasuka na urudishe kava.

Kuanzia dakika hiyo ihesabu simu kuwa haizuii maji, hata kama kisanduku kiliandikwa IP68. Iwashe tena na uhamishe picha na namba zako leo, si wikendi.

Usiipashe moto kwa mashine ya kukaushia nywele ili uutoe mgongo mwenyewe. Chini yake kuna betri ya lithiamu, na kisu cha jikoni hakijui mgongo unaishia wapi.

Ufa ukiwa mbali na kamera na chaji inafanya kazi, simu inaweza kuendelea miezi mingi na selotepu na kava. Mimi sioni aibu yoyote. Ufa ukipita juu ya lenzi, au vipande vikianza kuzama ndani, nenda kwa fundi wiki hiyo hiyo.

Kabla hujamkabidhi, piga vile vipimo vinne vya Hatua ya 6 mbele yake, naye aone kwamba kamera, tochi, kipaza sauti na chaji vilikuwa vizima. Mwulize anatumia leza au anakwangua, na kama kioo anachoweka kimekuja na pete za kamera au atarudishia za zamani. Kama anakubali ukae utazame, kaa.

Akikurudishia, rudia vipimo vyote vinne hapo hapo kwenye kiti chake, ukianza na picha ya taa. Pitisha ukucha kwenye mshono. Lipa baada ya hapo. Ukishavuka mlango, atakuambia simu ilikuja hivyo hivyo.